Meli isiyo na nahodha: Nani atasimama kizimbani?

Mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili, ambaye anafanya utafiti juu ya tafsiri ya sheria za usafiri wa baharini, alinijia ofisini majuzi akiwa na swali ambalo mwanzoni nililipuuza. Alitaka kujua iwapo neno 'nahodha' linaweza kumtaja mtu aliyeketi ofisini nchi kavu, mbele ya viwambo vya tarakilishi, akiiongoza meli iliyo mbali naye maili mia kadhaa. Nilimjibu kwa haraka kwamba nahodha ni nahodha akiwa chomboni. Akishashuka, ni abiria wa matatu kama sisi sote. Kijana yule alinitazama kwa huruma, akanifungulia mswada wake, na hapo ndipo nilipotambua kwamba jibu langu lilikuwa la mtu ambaye habari za ulimwengu zimempita.

Ulimwengu umefika mbali, kwa hakika. Mnamo Disemba 2018 feri iitwayo Falco ilivuka maji ya Finland baina ya Parainen na Nauvo ikijiendesha yenyewe, na iliporejea iliongozwa na mtu aliyekuwa mjini Turku, umbali wa kilomita 50 hivi. Mnamo Novemba 2021 Norway ilionyesha meli ya makasha ya Yara Birkeland, inayotumia umeme wa betri, yenye urefu wa mita 80 na uwezo wa kubeba makasha 120. Mwaka uliofuata ilianza kusafirisha mbolea kutoka kiwanda cha Porsgrunn hadi bandari ya Brevik, kukiwa na mpango wa kuwapunguza mabaharia wake hatua kwa hatua hadi asibaki hata mmoja. Mwaka huo huo wa 2022 Wajapani walizijaribu meli kadhaa kubwa katika pwani yao. Na chombo kidogo kilichopewa jina la Mayflower kilivuka Atlantiki kutoka Uingereza hadi Amerika ya Kaskazini bila ya mtu ndani yake, ingawa kiliharibikiwa na jenereta njiani kikalazimika kwenda Azores ili wanadamu wakitengeneze.

Sitaki kuwachosha wasomaji kwa maelezo ya mitambo, ambayo siyamudu. Mimi ni mtu wa maneno. Nao mgogoro mkubwa wa meli hizi, kama nilivyokuja kugundua, ni wa maneno. Chuma kiko tayari. Kilichokwama ni lugha ya sheria.

Tuanze na 'nahodha'. Neno hili tulilipata kutoka Kiajemi, ambako 'nav' ni chombo cha majini na 'khuda' ni bwana. Nahodha basi ni bwana wa chombo, na katika biashara ya kale ya Bahari ya Hindi mara nyingi ndiye aliyekuwa mwenye chombo au wakili wake, wala si lazima awe ndiye anayeshika usukani. Waingereza nao humwita kwa neno lenye maana hiyo hiyo ya ubwana. Sheria yao ya Meli za Biashara ya 1894, ambayo ndiyo mama wa sheria nyingi za meli katika nchi walizozitawala, ilisema kwamba nahodha ni kila mtu, isipokuwa rubani, mwenye amri au dhamana ya meli. Haikusema kwamba lazima awe ndani yake. Lakini ilipomfafanua baharia, ilisema ni yule aliyeajiriwa kwa kazi yoyote 'ndani ya' meli. Tazama basi ajabu hii: kwa maneno yale yale ya zaidi ya karne moja iliyopita, bwana aliye Turku au Horten anaweza kuitwa nahodha, ila hawezi kuitwa baharia. Atakuwa kamanda wa jeshi asiye askari.

(Hilo neno 'rubani' nalo lina kisa chake. Lilikuwa la baharini kabla ya ndege kuzaliwa, likapaa angani na sasa watoto wetu hawalijui kwingine. Maneno huhama. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni neno linapohama na kuziacha nyuma dhamana zilizokuwa zimefungwa nalo.)

Dhamana hizo ni nyingi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 1989, unaitaka kila nchi ihakikishe kwamba kila meli inayopeperusha bendera yake imo chini ya nahodha na maafisa wenye ujuzi ufaao. Mkataba wa 1978 kuhusu mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia unawahusu wale wanaofanya kazi ndani ya meli zinazokwenda baharini. Maana yake ni kwamba yule anayeziongoza meli akiwa kitini nchi kavu hahitajiwi na mkataba huo kuwa na cheti chochote, wala hana kinga ya kanuni zake zinazomhakikishia baharia saa za kupumzika. Dereva wa lori la mizigo pale Mariakani hawezi kushika usukani bila leseni; huyu anaongoza maelfu ya tani!

Halafu kuna Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Kugongana Baharini za 1972. Kanuni ya tano inaamuru kwamba kila chombo kiwe na ulinzi wa macho wakati wote, kwa kuona na kwa kusikia, pamoja na njia nyinginezo zifaazo. Je, kamera huona? Je, kipaza sauti husikia? Watetezi wa meli hizi husema ndiyo, na kwamba kamera haisinzii wala haichoki. Mimi kama mwanaisimu nasema kwamba kitenzi 'kuona' katika kanuni ile kiliandikwa na watu ambao hawakuwa na shaka kwamba mwenye kuona ni mtu. Na kanuni ya pili huelemea zaidi upande huo, kwa kuwa inataja tahadhari zinazotakiwa na mazoea ya kawaida ya mabaharia. Mazoea ya kawaida ya mabaharia! Hayo hayakuandikwa popote. Yamo katika mifupa ya watu.

Jambo hili si la Norway peke yake. Mtambo wa utambulisho, ule unaotangaza kwa redio jina la meli na mahali ilipo, umelazimishwa kwa meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa. Mvuvi wa Kizingitini au Shimoni anayetoka usiku kwa mtumbwi wake wa mbao hana mtambo huo, na ubao haurudishi mawimbi ya rada kama chuma kirudishavyo. Kinachomwokoa ni taa yake ya mkononi na mtu aliye juu ya meli kubwa anayekaza macho na kujiuliza kale kamwanga ni nini. Tukimwondoa mtu huyo, atakayehitaji kujua iwapo mtambo mpya umefundishwa kuutambua mtumbwi ni mvuvi wetu, ambaye hakualikwa katika mkutano wowote.

Nakiri kwamba wanadamu si malaika. Tukitaka mfano wa karibu, tuukumbuke mkasa wa MV Wakashio. Mnamo tarehe 25 Julai 2020 meli hiyo, mali ya Wajapani lakini yenye bendera ya Panama, iliparamia miamba ya matumbawe ya Mauritius, na takribani tani 1,000 za mafuta zikamwagika katika maji yaliyokuwa yakiwalisha wavuvi na kuwavutia watalii. Ilibainika kwamba meli ilisogezwa karibu na nchi kavu ili watu wapate mawasiliano ya simu, na kwamba kulikuwa na sherehe ya kuzaliwa usiku huo. Mtambo haungetafuta simu wala haungehudhuria sherehe. Hoja hiyo ina nguvu, wala sitajaribu kuipinga.

Lakini tutazame kilichofuata. Nahodha, Mhindi, na afisa wake wa kwanza, raia wa Sri Lanka, walikamatwa, wakafunguliwa mashtaka, na mnamo Disemba 2021 mahakama ya Mauritius ikawahukumu kifungo cha miezi 20 kila mmoja. Mtu anaweza kusema kwamba haki haikukamilika, kwamba mwenye meli na wakodishaji wake hawakuonja jela. Hata hivyo kulikuwa na watu wawili waliosimama mbele ya taifa lililojeruhiwa wakaulizwa: mlifanya nini usiku ule? Na wakajibu.

Sasa tuiondoe ile sherehe, tumwondoe na nahodha. Meli inajiendesha. Mwenye meli yuko nchi moja, bendera ni ya nchi ya pili, aliyeandika programu ni kampuni ya nchi ya tatu, kituo cha kuongozea kimo katika nchi ya nne, na setilaiti iliyokatika mawasiliano usiku huo ni mali ya kampuni ya tano. Ni nani atakayekamatwa Port Louis, au Kilindini? Meli yenyewe tunaweza kuizuia, kwa sababu sheria ya bahari tangu zamani imeruhusu kushtakiwa kwa chombo kana kwamba ni mtu. Ila meli iliyokatika vipande viwili juu ya mwamba si dhamana ya maana. Na ikiwa ajali ya kugongana imetokea katika bahari kuu, mkataba wa 1982 unasema kwamba mashtaka ya jinai dhidi ya nahodha au mtu mwingine anayeitumikia meli yatafunguliwa na nchi ya bendera au nchi ya uraia wa mtu huyo, basi. Nchi ambamo kituo cha kuongozea kimejengwa haikutajwa, kwa kuwa mwaka wa 1982 hapakuwa na aliyewazia kwamba usukani ungeweza kuwa katika ghorofa.

Liko jambo jingine linalonigusa zaidi ya hilo la adhabu, nalo ni uokoaji. Sheria ya bahari inamtaka nahodha amsaidie yeyote aliye katika hatari ya kupotea baharini, ilimradi asiitie meli yake na watu wake katika hatari kubwa. Meli tupu itasaidiaje? Wengine husema itapeleka habari kwa redio na kuangusha boya la kuokolea. Mtu aliyekwisha elea majini saa kumi hana nguvu ya kujifunga boya, huhitaji mkono.

Na si mkono pekee. Mnamo Agosti 2001 meli ya Norway iitwayo Tampa iliwaokoa watu zaidi ya 430, wengi wao Waafghani, kutoka katika chombo kilichokuwa kikizama karibu na Kisiwa cha Christmas. Australia iliikatalia kuingia katika maji yake. Nahodha, Arne Rinnan, alipoona hali ya wagonjwa aliokuwa nao, aliingia vivyo hivyo, na wanajeshi wakapanda melini mwake. Mabishano ya kisiasa yaliyofuata tuyaache. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba sheria inamlinda nahodha katika saa kama hiyo: Mkataba wa Usalama wa Maisha Baharini unasema wazi kwamba mwenye meli, mkodishaji au mtu mwingine yeyote asimzuie nahodha kuchukua uamuzi ambao kwa akili yake ya kitaaluma anaona ni wa lazima kwa usalama wa maisha. Kinga hiyo ilikuwa na maana kwa sababu nahodha alikuwa mbali, na mwajiri hakuweza kumfikia. Yule anayeongoza meli kutoka jengo la kampuni, ambaye meneja wake anapita nyuma ya kiti chake akiwa na kikombe cha kahawa, atakuwa na uhuru gani wa kuipinda meli kwa saa 12 ili kuwafuata watu wasiojulikana?

Kwetu sisi Wakenya neno la sheria linaweza kuleta mtafaruku mkubwa, na hilo tumeshalishuhudia. Mahakama za Mombasa zimewahukumu maharamia wa Kisomali tangu mwaka wa 2006. Lakini mwaka wa 2010 Mahakama Kuu huko huko Mombasa iliamua kwamba hazikuwa na mamlaka juu ya washukiwa walionaswa katika bahari kuu, uamuzi ambao Mahakama ya Rufani iliubatilisha mwaka wa 2012. Miaka miwili yote ilipita mawakili wakibishania jinsi vifungu viwili vya sheria moja vinavyopaswa kusomwa pamoja. Sasa soma fasili yenyewe ya uharamia, iliyo katika mkataba wa 1982 na katika Sheria yetu ya Meli za Biashara ya 2009: ni tendo la ukatili, la kuzuilia au la uporaji, linalofanywa kwa maslahi binafsi na mabaharia au abiria wa meli au ndege ya kibinafsi. Kijana aliye chumbani mwake katika mji fulani, akaiteka meli kwa kuvunja kufuli za tarakilishi na kuipeleka anakotaka, si baharia wala si abiria. Huyo ni mhalifu, ndiyo, lakini si haramia, na ule uwezo ambao kila taifa linao wa kumkamata haramia popote katika bahari kuu haumgusi.

Wafanyabiashara nao wasidhani wameponea. Kanuni za Hague za 1924, zilizomo katika sheria zetu za usafirishaji wa mizigo, zinamtaka mchukuzi ajitahidi kuipa meli mabaharia wafaao, na papo hapo zinamwondolea lawama mzigo ukiharibika kwa sababu ya kosa la nahodha, baharia au rubani katika uongozaji wa meli. Mwenye chai yake aliyeipakia Kilindini amekuwa akikosa fidia kwa kinga hiyo kwa muda mrefu. Je, kosa la programu ni kosa la nahodha, au ni ubovu wa meli uliokuwapo kabla haijang'oa nanga? Likiwa la kwanza, mwenye chai hana chake. Likiwa la pili, analipwa. Natabiri kwamba mawakili watakula vizuri.

Hata mkataba unaobeba jina la mji wetu mkuu, yaani Mkataba wa Nairobi wa 2007 kuhusu kuondoa mabaki ya meli zilizoharibika, unaanza kazi yake kwa kumtaka nahodha pamoja na mwendeshaji wa meli watoe taarifa bila kuchelewa.

Ni haki kusema kwamba wakubwa wa mambo haya hawakulala. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, lenye makao yake London, lilianza mwaka wa 2018 kuipitia mikataba yake kifungu kwa kifungu, na kamati yake ya usalama ikakamilisha zoezi hilo Mei 2021. Liliziainisha meli hizi katika daraja nne, kutoka ile yenye mitambo ya kumsaidia nahodha aliyemo hadi ile inayojiamulia kila kitu. Miongoni mwa yaliyoonekana kuwa magumu kuliko yote ni maana ya 'nahodha', 'mabaharia' na 'mtu mwenye dhamana'. Nilipolisoma hilo nilihisi fahari kidogo kwa niaba ya taaluma yangu. Katika mijadala ya pamoja iliyofuata ilikubaliwa kwamba kila meli, iwe ya daraja lipi, iwe na nahodha mwanadamu, hata kama si lazima awe ndani yake, na awe na uwezo wa kuingilia kati. Mwaka wa 2024 ratiba iliwekwa: kanuni za hiari zipitishwe Mei 2026, zijaribiwe kwa vitendo, na kanuni za lazima zipitishwe kufikia tarehe 1 Julai 2030 ili zianze kutumika Januari 2032.

Kwa hiyo muda upo, ila si mwingi, na hatuna nafasi ya kusema kwamba meli hizo zibaki Ulaya. Mkataba wa 1982 unatukataza kuziwekea meli za kigeni zinazopita kwa amani katika maji yetu ya maili 12 masharti yetu wenyewe kuhusu idadi ya mabaharia, isipokuwa yakitekeleza kanuni zinazokubaliwa kimataifa. Kanuni zikishapitishwa London bila sauti yetu, meli tupu itapita mbele ya Lamu nasi tukiitazama. Tulicho nacho ni bandari. Meli inayotaka kuingia Kilindini inaweza kupewa masharti ya kuingia, na hapo ndipo ningependa Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya na wanasheria wa serikali waanze kazi mapema: jina la nahodha mwanadamu kwa kila saa ya safari, anwani ya kituo alichomo, wakili aliye humu nchini anayeweza kupokea hati za mahakama, na bima ambayo haiwezi kukwepwa kwa kisingizio kwamba kosa lilikuwa la programu.

Na kabla ya hayo, nashauri wajumbe wetu waende London wakiwa na jambo moja ambalo Wanorway hawawezi kulisema kwa niaba yetu. Waombe majaribio ya mitambo hiyo yafanywe pia usiku, katika bahari iliyochafuka kwa pepo za kusi, dhidi ya mtumbwi wa mbao wenye mtu mmoja na taa moja. Matokeo yake yaandikwe kwa lugha ambayo mtu huyo anaweza kuisoma. Mwanafunzi wangu ameahidi kuifanya hiyo tafsiri, mradi tu kwanza nimpe neno la kumwita yule aliyeko ofisini. Bado sijalipata.